Garanti imekwisha: telefone uipeleke kwa nani Lubumbashi?

Fundi wa meza na mwavuli pale komini ya Kenya anabadilisha tundu la chaja la Tecno kwa nusu saa, na kazi inadumu. Mpe fundi huyohuyo iPhone iliyozama kwenye ndoo, na nusu saa ileile yaweza kutosha kuizika. Kwa hiyo usianze na swali la "fundi mzuri ni nani?" Anza na ugonjwa: telefone inaumwa nini, kipuri chake kinapatikana wapi, na kosa likitokea utapoteza nini.

Milango mjini ni mitano. Kuna huduma rasmi ya kampuni: Carlcare kwa Tecno, Infinix na itel, na mawakala wa Samsung kwa Samsung (Apple haina duka lake Kongo, kwa hiyo kwa iPhone mlango huu uhesabu umefungwa). Kuna duka la mjini kati lenye kabati la vipuri na fakture. Kuna fundi wa meza, sokoni au kando ya barabara. Kuna fundi wa plake (bodi kuu ya ndani ya telefone), yule mwenye darubini na hewa moto, ambaye kazi zake nyingi huletewa na mafundi wenzake waliokwama. Na kuna wewe mwenyewe, na kipuri ulichoagiza.

Garanti kuisha si msiba kwa kila ugonjwa. Garanti ya kiwanda hulipia kasoro ya kiwanda. Ekrani iliyopasuka na maji yaliyoingia havikuwemo tangu siku ya kwanza. Aliyeangusha telefone mwezi wa tatu na aliyeiangusha mwezi wa ishirini wanalipa sawa. Tofauti ni kwamba yule wa mwezi wa tatu, telefone ikifunguliwa na fundi wa nje, anaweza kukataliwa siku plake itakapokufa yenyewe. Kama imebaki miezi, pitia kwa kampuni kwanza hata kwa ekrani. Hakikisha tarehe kwenye fakture, au ingiza IMEI (namba ya utambulisho wa telefone) kwenye programu ya Carlcare. *#06# itakupa namba hiyo, ileile iliyotusumbua sote enzi za kodi ya RAM, ile ya kusajili telefone. Telefone iliyokuja na mfanyabiashara kutoka Dubai au kupitia mpaka wa Kasumbalesa inaweza kuwa na garanti ya nchi nyingine tu, na hapo ni kama haina.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote

Ekrani nyeusi haimaanishi telefone imekufa. Ipigie. Ikilia au ikitetemeka, plake kwa kawaida ni nzima na ugonjwa uko kwenye ekrani au kwenye waya wake bapa. Kama ekrani ni ya LCD, aina yenye taa nyuma yake, imulike kwa tochi kutoka pembeni: ukiona picha hafifu, kilichozimika ni taa ya nyuma. Kwenye Samsung nyingi, *#0*# hufungua orodha ya majaribio: rangi, mguso, kamera, spika. Inachemka au inajizima yenyewe? Iwashe katika hali salama, ambamo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Ikitulia humo, hakuna kipuri cha kununua. Kuna programu ya kufuta.

Haichaji? Badilisha waya, halafu chaja, halafu priza. Bado? Chungulia tundu kwa tochi. Miezi ya kiangazi, vumbi jekundu la mji huu hukutana na nyuzi za mfukoni, vikashindiliwa chini ya tundu kila unapochomeka, mpaka ncha ya waya haifiki mwisho. Dalili yake ni waya kulegea na kukosa ule mlio mdogo wa kukaa sawa. Zima telefone, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua polepole kando ya ukuta wa tundu, bila kusukuma ulimi ulio katikati ya USB-C. Sindano hapana, hupinda pini na kugusanisha zisizopaswa kugusana. Hii ni kazi ya dakika 5 ambayo wengi huilipia kama kipuri kipya.

Ekrani: hapa ndipo pesa inapopotelea

Watu hulinganisha bei za mafundi wawili wakidhani wanalinganisha kazi. Mara nyingi wanalinganisha ekrani mbili tofauti. Kuivua ya zamani na kuifunga mpya ni kazi ileile. Kilicho ndani ya boksi ndicho kinachotenganisha bei, hata mara mbili au tatu.

| Ekrani | Inatambulikaje | Unachopata, unachokosa |
|---|---|---|
| Orijinali mpya ya kampuni | Boksi la kampuni. Ya Samsung huja na fremu yake na namba inayoanzia mara nyingi na GH82 | Rangi, mguso na alama ya kidole kama mwanzo. Bei ya juu kuliko zote |
| Orijinali iliyotolewa kwenye telefone nyingine, kioo cha juu kimebadilishwa | Haina boksi. Angalia kingo kama kuna vumbi au povu la gundi | Picha nzuri. Ubora unategemea aliyebandika kioo |
| OLED (aina inayojiangaza yenyewe) ya kuiga | Nyeusi ni nyeusi kweli, ila mwanga na rangi hutofautiana kidogo | Kwa iPhone na Samsung za OLED, ndiyo kopi inayovumilika |
| LCD ya kuiga kwenye telefone ya OLED | Nyeusi inaonekana kijivu gizani. Unene umezidi | Rahisi. Hula batri zaidi, na alama ya kidole ya chini ya ekrani haifanyi kazi |

Mstari wa mwisho ndio unaoleta ugomvi. Kisomaji cha kidole kilicho chini ya ekrani kwenye Samsung nyingi za kundi la A husoma kwa mwanga unaopenya OLED. LCD ina taa na karatasi za nyuma ambazo mwanga huo haupiti, kwa hiyo hakuna namna ya kukirekebisha baadaye. Fundi hajakiharibu, ekrani uliyokubali haikiruhusu. Swali lako mezani liwe hili: "Ni OLED au LCD, na kidole kitasoma?" Fundi anayejibu "ni orijinali tu, usiogope" bila kukuonyesha boksi hajajibu.

Kwa Tecno, Infinix na itel za bei ya chini, ambazo zilitoka kiwandani na LCD, mjadala huo haupo. Kopi nzuri inatosha. Hapa fundi wa meza mwenye sifa mtaani na duka la mjini kati wanafanana, na unacholipia zaidi dukani ni fakture yenye siku za garanti. Carlcare inashinda pale modeli ni mpya au ina ekrani ya OLED, maana kopi zake hukawia kufika sokoni au hufika mbaya.

iPhone ina mitego yake. Kuanzia iPhone 11, ekrani isiyotoka Apple huleta ujumbe kwenye mipangilio kwamba kipuri hakitambuliki. Ujumbe hauzimi telefone, lakini mnunuzi wa kesho atausoma. True Tone (rangi za ekrani kujirekebisha kulingana na mwanga) nayo mara nyingi hupotea, isipokuwa fundi awe na kifaa cha kuhamisha data kutoka ekrani ya zamani. Muulize kama anacho, na usimwachie ekrani iliyovunjika kabla hajaimaliza kazi hiyo. Kwenye iPhone X hadi 12, sehemu ya Face ID imeshikamana na spika ya juu nyuma ya ekrani na lazima ihamishwe kwa mkono; waya wake bapa ukichanika, Face ID imekwenda. Kwenye iPhone 5s hadi 8, kitufe cha kidole kimefungwa na plake yake, kwa hiyo ukiwekewa kipya kidole hakitasoma tena. Skrubu nazo zina urefu tofauti. Ndefu ikikazwa kwenye tundu la fupi hutoboa nyaya za plake. Ukimwona fundi anazimwaga zote kwenye kifuniko kimoja cha chupa, chukua telefone yako.

Kubadilisha kioo cha juu peke yake, picha ikiwa bado nzima, ni rahisi kwa bei lakini huhitaji mashine ya kutenganisha, gundi ya karatasi na chumba kisicho na vumbi. Kwa LCD jaribu. Kwa OLED, ambayo ni nyembamba na hupasuka ikitenganishwa, kubaliana kabla: ikivunjika mkononi mwake, nani analipa?

Batri

Ikishuka ghafla kutoka 40% hadi kuzimika, au mgongo wa telefone ukianza kuinuka, ni batri. iPhone huonyesha afya yake kwenye mipangilio. Apple inasema batri za hadi iPhone 14 zimeundwa kubaki na 80% baada ya mizunguko 500 ya kuchaji, na za iPhone 15 baada ya 1000. Kila siku kuchaji mara moja, 500 hufika kabla ya mwaka na nusu.

Tatizo la sokoni ni batri za uongo. Maandishi ya 6000 mAh hayagharimu kitu kuchapisha. Linganisha modeli iliyoandikwa (za Samsung mara nyingi huanza na EB, za Tecno na BL), tarehe ya kutengenezwa, na uzito mkononi dhidi ya ile ya zamani: nyepesi waziwazi ina uwezo mdogo. Batri iliyolala miaka miwili kabatini imezeeka bila kutumika, hata kama plastiki yake inang'aa. Kwa hiyo kwa batri, tofauti na ekrani, tunaegemea huduma rasmi au duka lenye mauzo ya haraka. Nyongeza ya bei ni ndogo, na batri mbaya inachemka usiku ukiwa umelala.

Kuifanya mwenyewe kunawezekana, ukiwa na utulivu. Tumia telefone mpaka ibaki chini ya 25%, maana batri iliyojaa ikichomwa huwaka kwa nguvu zaidi. Pasha kifuniko cha nyuma moto kidogo, fungua kwa kadi ya plastiki, chomoa kiunganishi cha batri kabla ya kugusa kingine chochote. Gundi ikikataa, dondosha alkoli ya isopropili ya 99% pembeni, ngoja dakika kadhaa, vuta polepole. Ile ya famasia ya 70% ina maji mengi mno. Usichokonoe kwa bisibisi chini ya batri. Kama tayari imevimba, usiichaji, usiitoboe, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa ndani ya parsele: iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga, nje ya nyumba, mpaka fundi au kampuni aipokee.

Tundu la chaja

Fundi wa meza, bila kusita. Kwenye Tecno, Infinix, itel na Samsung nyingi za kundi la A, tundu liko kwenye plake ndogo ya chini inayobadilishwa nzima kwa skrubu chache, bila kuchomelea. Angalia mawili tu baadaye: kama kuchaji kwa haraka kumebaki, maana kopi nyingine huacha vipande vya kazi hiyo, na kama wanakusikia ukipiga, kwa kuwa maikrofoni hukaa palepale.

Ila plake ndogo ikibadilishwa na bado haichaji, simamisha kazi. Ugonjwa uko juu, kwenye chipu ya kuchaji, na umeme wa SNEL unaorudi kwa kishindo ni mtuhumiwa wa kawaida. Hiyo ni ya fundi wa plake.

Maji, na telefone isiyowaka

Hapa mpangilio wa milango unapinduka. Huduma rasmi, kwa plake iliyokufa, mara nyingi hubadilisha plake nzima. Unapata telefone nzuri, bei kubwa, IMEI nyingine, na picha zako hazipo, kwa sababu kumbukumbu imechomelewa kwenye plake ileile iliyoondolewa. Fundi wa plake hutafuta kipande kibaya na kukibadilisha. Akifaulu, kila kitu kinarudi. Anayetaka telefone aende rasmi. Anayetaka picha za marehemu mama yake aende kwa fundi wa plake, na asimruhusu mtu mwingine "kujaribu kidogo" kwanza.

Maji yenyewe hayaui upesi. Kinachoua ni umeme unaopita ndani ya maji yenye chumvi na uchafu: hula shaba, huacha ukungu wa kijani, na kazi hiyo inaendelea siku nyingi hata telefone ikionekana imepona. Zima. Toa SIM. Usichaji kuona kama inawaka. Hapo ndipo nyingi hufia. Mchele hauvuti maji yaliyo chini ya ngao za chuma, na huongeza unga kwenye matundu. Inayosaidia ni kufunguliwa mapema, batri ikachomolewa, plake ikasafishwa kwa alkoli ya 99% na brashi laini, ngao zikiondolewa panapohitajika. Ndani ya saa chache uwezekano ni mzuri. Baada ya wiki unalipia bahati. Telefone iliyouzwa kama isiyopitisha maji nayo, ikishafunguliwa mara moja, ihesabu kama inayopitisha.

Utamtambuaje fundi wa plake wa kweli? Muombe aunganishe telefone yako kwenye chanzo chake cha umeme chenye kipimo cha ampea, mbele yako. Kama inavuta umeme kabla kitufe hakijabonyezwa, kuna njia iliyounganika vibaya kwenye laini kuu. Ataitafuta kwa kamera ya joto, au kwa kupaka alkoli na kuangalia inakaukia wapi kwanza. Kama haivuti kitu hata ukibonyeza, ni kitufe, chipu ya umeme au njia iliyokatika. Kama inavuta kwa kupanda na kushuka halafu inarudia, inajaribu kuwaka na kuanguka: programu, au kumbukumbu inayokufa. Asiyepima na kuanza moja kwa moja na hewa moto anabahatisha kwa pesa yako.

Programu

Telefone inayokwama kwenye nembo, au iliyojifunga baada ya kufutwa na sasa inaomba akaunti ya Google ya zamani, haihitaji kipuri. Akaunti ikiwa yako, rudisha nywila kupitia Google na umalize bure. Kuweka programu upya ni kazi ya duka lenye kompyuta. Sharti liwe faili la modeli yako kamili. Faili lisilo sahihi kwenye telefone yenye chipu ya MediaTek linaweza kufuta IMEI, na mtandao ukatoweka. Kwenye Samsung, programu isiyo rasmi huvunja Knox, kinga ya usalama ya Samsung, kabisa, na folda salama haitafanya kazi tena.

Kuagiza mwenyewe

Ina faida kwa modeli ambazo kipuri chake hakiko mjini, ukiwa na ndugu Lusaka au mfanyabiashara anayekwenda Dubai na Guangzhou. Mpe namba kamili ya modeli, si jina: Spark 10, Spark 10C na Spark 10 Pro ni telefone tatu. Batri ya akiba kwa ndege huwekwa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia chini. Ya 5000 mAh ni kama saa-wati 19, chini sana ya kikomo cha 100. Udhaifu wa mlango huu ni mmoja: kipuri kikiwa kibovu, fundi atasema ni cha kwako, muuzaji atasema ni fundi, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Kijaribishe kabla ya gundi: kiunganishwe juujuu, telefone iwashwe, uguse kila kona, halafu ndipo kifungwe.

Hesabu

Tafuta bei ya telefone kama yako ya okazioni, nzima, leo. Tengenezo likizidi nusu yake, fikiri mara mbili. Likizidi theluthi mbili, uza iliyovunjika kwa mafundi kama vipuri na uongeze pesa. Isipokuwa data, ambayo haina bei ya sokoni. Ongeza umri: telefone isiyopata tena masasisho ya usalama haistahili ekrani ya orijinali, kopi inatosha. Bei husemwa kwa dola. Kubaliana pia kiwango kama utalipa franka, na dola iliyochanika hata kidogo pembeni acha nyumbani.

Unapoiacha, unapoichukua

Toa SIM, maana M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zote zimekaa juu ya namba hiyo. Nakili picha kama bado inawaka. Usitoe nywila kwa kazi ya ekrani au batri. Samsung za karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha data wakati fundi anajaribu. IMEI iandikwe kwenye fakture pamoja na aina ya kipuri na siku za garanti ya kazi, na weka alama ya kalamu kwenye batri au plake kama itafunguliwa mbele yako.

Unapoichukua, usilipe ukiwa umesimama. Piga simu na usikilizwe, weka sikioni uone kama ekrani inazimika, kokota ikoni polepole kwenye ekrani nzima ili kunasa pahali pasipogusika, jaribu kamera zote, Wi-Fi, kidole, spika, na chaja kwa dakika 10 uone kama asilimia inapanda. Tazama ekrani kutoka ubavuni: ikiinuka upande mmoja, gundi haijashika au batri inasukuma, na vumbi litaingia kabla ya mvua za Novemba.